Sahihi Iliyokatwa ya Lodi Ambersley

Watu wengi hukusanya mawaziri wakuu. Jambo hilo linaeleweka: mawaziri wakuu si wengi, majina yao yanajulikana, na mjukuu akiuliza huyu alikuwa nani, mtu ana la kumjibu. Horace Pocklington wa Louth, mji mdogo wa Uingereza, muuza mbegu za bustani mstaafu, alikusanya mawaziri wa Posta. Alikuwa na sahihi zao zote, tangu Malkia Victoria alipoketi kwenye kiti cha enzi hadi cheo chenyewe kilipofutwa. Hakuwa na mshindani dunia nzima, naye alijivunia hilo kana kwamba washindani walikuwepo na akawashinda.

Chama chetu cha wakusanyaji sahihi kilikutana Jumatano ya kwanza ya mwezi, alasiri, katika ukumbi wa kanisa la Wamethodisti. Kuna hita moja ya gesi humo, ambayo huwapa joto wanaokaa mbele yake na kuwapa unyevu wengine wote. Tulileta barua zetu, tukala mkate wa zabibu kavu na jibini, tukasifiana kwa kiasi. Waziri mkuu Gladstone aliandika barua nyingi mno maishani, hivyo aliyeleta Gladstone alipigiwa makofi ya adabu tu. Lakini mtu akileta mkubwa aliyekufa mapema, kabla hajazoea kushika kalamu, ukumbi mzima ulinyamaza.

Lodi Ambersley alikufa mapema sana. Alikuwa Waziri wa Posta kwa msimu mmoja tu wa baridi. Alikwenda kufungua posta mpya bila koti, akapata kichomi, na kazi yote ya kutia sahihi akamwachia waziri aliyemfuata. Ambersley wa Horace alikuwa kipande cha karatasi kidogo kuliko kisanduku cha kiberiti, kimegandishwa kwenye ukurasa mnene wa albamu, na kuzungushiwa fremu nyembamba ya karatasi ya dhahabu iliyotoka kwenye boksi la chokoleti. Chini yake Horace aliandika kwa mwandiko wake wa sherehe: Kimenunuliwa Lincoln.

Hakikununuliwa mjini Lincoln. Hakikununuliwa popote. Horace alikikata mwenyewe akiwa na miaka kumi na mmoja, katika maktaba ya nyumbani kwa Daktari Thirkell, huku baba yake, fundi wa piano, akigonga noti moja ileile chumba cha pili. Shuleni kwao msimu ule kila mvulana alikuwa akikusanya sahihi. Wenzake walikuwa na wacheza kriketi. Yeye alikuta barua ya lodi juu ya meza na mkasi mdogo wa kudarizi juu ya kiti. Alikata sahihi na kuacha barua, kwa kuwa aliona si vizuri kuchukua barua nzima ya mtu.

Haya sisi wanachama tuliyajua baadaye. Wewe ni afadhali uyajue sasa, ili uelewe kwa nini Horace alitokwa jasho katika ukumbi ule, ambamo hakuna mtu mwingine aliyewahi kutokwa jasho.

Miaka minne kabla ya haya ninayosimulia, Bi Ursula Thirkell alirudi Louth kutoka Leeds, alikokuwa muuguzi mkuu wa wodi ya watoto. Alikuwa binti mdogo wa yule daktari. Alijiunga na chama akiwa na bahasha moja, na ndani yake barua ya Lodi Ambersley yenye tundu. Sahihi ilikuwa upande wa nyuma. Aliyeikata alikata pia maneno ya upande wa mbele, katikati ya sentensi. Ilisomeka hivi: "Nasikitika kukuarifu kwamba", kisha tundu, kisha "wamekufa wote, na mke wangu hana la kusema."

Kina nani walikufa? Swali hilo lilikuwa burudani ya chama. Bwana Cuthbert Lamb, mwenyekiti wetu, aliyekuwa meneja wa benki, alishikilia kwamba ni farasi. Wengine walisema wapiga kura. Bi Ursula hakukisia. Alisema tu kwamba baba yake aliipata barua ile kwa mgonjwa, akaisoma, akamwahidi yeye mtoto kwamba Jumapili wataisoma pamoja, maana kuna kitu humo kitakachomvunja mbavu. Jumapili ilipofika barua ilikuwa na tundu. Zaidi ya hapo hakusema.

Horace alimkaribisha kwa moyo wote. Akakaa naye kila mkutano, wakanywa chai ya chupa moja. Lakini tangu siku hiyo Ambersley hakutoka tena kabatini. Horace alikuwa na visingizio vingi: mara amemsahau, mara anamtengenezea ukurasa mpya.

Kilichomponza ni majivuno, na mimi sioni kama angeweza kuyakwepa. Mwaka ule wa mgomo wa wachimba makaa, chama kilitimiza umri wa kusherehekewa, na Bwana Lamb akachapisha tangazo: Pocklington ataonyesha seti kamili. Mpiga picha wa gazeti la mji angekuja. Seti kamili ni kamili. Hakuna mtu aliyewahi kupigwa picha na seti iliyopungua mmoja. Horace aliitazama ile fremu ya dhahabu, akaona inafunika kingo zote za kipande vizuri, akaleta albamu.

Alipigwa picha akitabasamu. Hakuhesabu unyevu wa ule ukumbi. Saa ya chai ukurasa wa Ambersley ulikuwa umeanza kujikunja, na pembe moja ya kipande ilikuwa imeinuka kutoka kwenye gundi, chini ya dhahabu. Bi Ursula aliinama na kioo chake cha kukuzia.

"Horace," alisema, "huyu ana maandishi nyuma."

"Ni doa tu."

"Mimi madoa nayajua, nimefanya kazi na watoto. Haya ni maandishi." Akainuka. "Naomba afunguliwe."

Hapa lazima niseme juu ya kanuni yetu ya meza. Chochote kinachowekwa mezani, mwanachama yeyote anaweza kuomba kifunguliwe, kimulikwe, kipimwe. Mwenye kitu anaweza kukataa. Akikataa, anakichukua kitu chake, anavaa koti lake, wala haulizwi kwa nini. Tangu chama kianze alikataa mtu mmoja tu, na hadi leo anapopita barabarani tunatazama madirisha ya maduka.

"Bila shaka," Horace alisema. "Mwezi ujao."

"Nitaleta sinia," alisema Bi Ursula.

Mke wa Horace, Mabel, alikuwa mwanamke asiyependa mawaziri wa aina yoyote, waliokufa wala walio hai. Wiki ya pili ya mwezi ule alikuwa akipiga pasi mashati, akamwona mumewe anafungua kabati tena.

"Unamfanya nini huyo?"

"Nani?"

"Huyo lodi wako. Kutwa unamtoa na kumrudisha. Ana mafua?"

"Ursula Thirkell anataka nimbandue, aone nyuma."

"Basi mbandue. Thirkell huyu si ndiye yule aliyekata barua ya baba yake?"

Horace akageuka. "Nani kakwambia?"

"Constance, dada yake. Kila tukikutana saluni ni hiyo hiyo. Krismasi wakiwa mezani, Ursula akinyoosha mkono tu kuchukua chumvi, Constance anapaza sauti, 'Ficheni mikasi!' Mpaka vitukuu wameshaijua, wanaiimba."

"Na baba yake alimfanya nini?"

"Nani, daktari? Hakumpiga, hakuwa mtu wa kupiga. Alifunga maktaba. Zamani walikuwa wanakaa humo kila Jumapili, yeye na huyo binti, wanasoma mabarua ya zamani. Mkasi ukaonekana mezani, wa binti, basi. Mlango ukafungwa. Mzee kafa wakati wa vita, hajamfungulia." Mabel akaipindua kola. "Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Hakukata yeye."

"Wewe umejuaje?"

Akamwambia. Mabel aliiweka pasi chini, pole pole, kama mtu anayeogopa kuiangusha, au kuirusha.

"Kumbe maisha yangu yote nimelala na mwizi."

"Nilikuwa mtoto, Mabel."

"Ulikuwa. Sasa ni babu, na bado umemfungia kabatini."

"Nilidhani walilaumu panya. Au mtumishi. Nilidhani..."

"Panya mwenye mkasi! Wewe naye!"

Horace akakaa. Kisha alianza kuzungumza huku akitazama dirishani, na Mabel hakuipenda sauti ile tangu neno la kwanza.

"Naweza kusema naumwa."

"Utaumwa mpaka lini? Mpaka tukuzike?"

"Au maji yawe moto kidogo. Yakiwa moto sana karatasi hulegea. Ukiigusa kwa kidole, upande wa nyuma unafutika wote. Watu wanasema pole. Ajali hutokea."

"Horace Pocklington. Ukifanya hivyo, usirudi humu. Nitakufungia maktaba."

"Hatuna maktaba."

"Nitafunga jiko."

Na Mabel alituambia baadaye kwamba siku ya mkutano alimwona mumewe anajaza chupa mbili za maji, si moja, na kwamba ya pili aliijaza moja kwa moja kutoka kwenye birika linalochemka.

Ukumbi ulijaa kuliko siku ya sherehe. Bi Ursula aliweka sinia jeupe la kuoshea picha katikati ya meza, karatasi za kunyonya kushoto, kibano kulia, na mbele yake mwenyewe, ndani ya kifuko cha plastiki, barua yenye tundu. Hakusema ameileta kwa nini.

"Nitafanya mwenyewe," Horace alisema. Aliifungua ile chupa ya pili na kumimina. Mvuke ukapanda.

Bi Ursula alikunja mkono wa sweta, akashusha kiwiko chake hadi karibu na maji, kama wauguzi wanavyopima maji ya kuogeshea mtoto. Akakiondoa haraka.

"Horace, hatupiki yai hapa." Akachukua jagi la maji baridi kwenye meza ya chai, akaongeza, akapima tena. "Sasa."

Horace aliushika ukurasa wa albamu kwa mikono miwili. Nilikuwa upande wa pili wa meza na nikaona anavyovuta pumzi. Kisha akaulaza majini.

Kubandua si jambo la kutazamwa na watu wenye haraka. Gundi ya unga hulainika ikitaka yenyewe. Wino wa zamani hauogopi maji, lakini wino uliotiwa juzi na mlaghai huanza kutoa moshi wa buluu, na hapo mwenye kitu hujua alichonunua. Sote tulikuwa tukitazama moshi huo. Horace peke yake alijua hautatoka.

Kwanza ilielea fremu ya dhahabu. Ilijipindua, ikaenda kukwama pembeni mwa sinia. Kingo za kipande zikawa wazi.

Bi Ursula alikuwa ameinama na kioo chake. Nilimwona anaganda. Mkasi uliokikata kipande kile ulikuwa na ncha iliyopinda, na kila ulipofunga uliacha jino dogo kwenye karatasi: jino, nafasi, jino, nafasi, pande zote. Hakuhitaji kuitazama barua yake kujua tundu lake lina meno ya aina gani. Aliitazama hata hivyo.

"Kinaachia," alisema Bwana Lamb.

Kipande kilikuwa kimejitenga. Horace alikipata kwa kibano, akakilaza kwenye kiganja cha kushoto, uso chini. Maandishi ya nyuma yalionekana, ya kahawia, yamelowa, kamili. Kidole gumba chake kilikuwa juu yake, umbali wa unene wa shati. Karatasi katika hali hiyo ni kama utando wa maziwa. Msuguo mmoja ungetosha, na nani angemlaumu mzee mwenye mikono inayotetemeka? Hita ilikuwa ikipumua kwa sauti.

Kidole kilikaa pale muda mrefu kuliko ulivyostahili.

Kisha Horace alinyoosha mkono wote kuvuka meza, kiganja wazi, mbele ya Bi Ursula.

Bi Ursula alikichukua kwa kibano, akakikausha kwa karatasi, akaitoa barua kifukoni na kukiweka ndani ya tundu. Kiliingia kama jiwe la pete. Meno yalikutana na meno.

"Soma, soma," watu walisema.

"'Nasikitika kukuarifu kwamba wale bata mzinga uliotuletea wamekufa wote, na mke wangu hana la kusema.'"

Ukumbi ulilipuka. Bata mzinga! Bwana Lamb alipiga meza, akisema kwamba bata mzinga na farasi si mbali sana. Bi Ursula naye alicheka, lakini si pamoja nasi. Alicheka baadaye, sisi tulipokwisha nyamaza, kicheko kifupi chembamba cha mtoto aliyesubiri zamu yake.

"Mabibi wa enzi ya Victoria hao," Bwana Lamb alisema akifuta macho. "Na mikasi yao! Waliharibu nusu ya barua za nchi hii kwa ajili ya albamu zao."

Watu wakakubali kwa vichwa. Ndivyo tunavyosema siku zote. Ukimwonyesha mkusanyaji yeyote barua iliyokatwa, atakutajia bibi wa Victoria kabla hujamaliza kuuliza. Wanawake hao wamekufa wote, hawawezi kukanusha. Nilimwona Horace anashusha mabega. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, na watu wote walikuwa wakimsukuma kwa upole apite.

"Hapana," alisema Bi Ursula. "Barua hii ilikuwa nzima baba alipoileta nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi." Akainua macho. "Ulikinunua kwa nani, Horace?"

"Lincoln," alisema Bwana Lamb. "Imeandikwa hapa chini."

"Namuuliza Horace."

Horace aliitazama chai yake, iliyokuwa imepoa.

"Sikukinunua," alisema. "Baba yangu alikuwa akitengeneza piano yenu."

Hakuna aliyepiga meza.

"Mkasi ulikuwa wangu," alisema Bi Ursula.

"Ulikuwa juu ya kiti."

"Najua ulikuwa juu ya kiti. Niliuacha hapo mwenyewe. Ulionekana mezani, pembeni ya barua. Kwa nini hukuurudisha kitini?"

"Sikufikiri."

"Miaka yote hiyo nimejaribu kukumbuka kama niliuweka mezani. Kuna wakati nilianza kuamini nilikata kweli, nikasahau."

"Sikujua, Ursula. Naapa sikujua walikulaumu wewe. Nimejua mwezi huu."

"Na ulipojua ukaja na maji ya kuchemsha."

Horace aliisogeza chupa ya maji mbali na sinia.

"Jamani," alisema Bwana Lamb, akisimama nusu, "labda tuongeze chai..."

"Chai isubiri, Cuthbert. Una kalamu, Horace?"

Kumwuliza Horace kama ana kalamu ni kama kumwuliza daktari wa meno kama ana meno. Alikuwa nazo tatu. Bi Ursula alimpa karatasi tupu kutoka katika mkoba wake.

"Andika. Nani alikata, lini, kwa mkasi wa nani, na uliuweka wapi. Si kwa mwandiko ule wa albamu. Andika kama unavyoandika orodha ya mbegu. Kisha tia sahihi, jina zima."

Akaandika. Ilimchukua muda, na katika muda huo hakuna aliyegusa mkate. Tumezoea kutazama wakubwa waliokwisha kuandika. Hatukuwa tumezoea kumtazama mtu anavyoandika kitu kama hicho. Alipotia sahihi, herufi ya mwisho iliacha mkia.

Bi Ursula alikausha wino. Akaipitisha karatasi chini ya kioo chake tangu juu hadi chini, kama anavyoipitisha kila hati inayofika mezani petu, akitafuta kasoro. Kisha akaitia ndani ya kifuko kimoja na barua ya Ambersley na sahihi yake.

"Constance anakuja Krismasi," alisema. "Nitaisoma mezani, kabla hatujamkata bata mzinga."

Akavaa koti na kuondoka. Ukurasa wa albamu ulibaki ndani ya sinia, na Horace alipoutoa ulikuwa na mraba mweupe katikati.

Mkutano wa Desemba Bi Ursula alikuja, akakaa upande wa pili wa ukumbi, na chupa yake ya chai. Horace naye alikuja. Wengi hatukutegemea. Alileta albamu, akaifungua penye ule mraba mweupe, akaiacha hivyo mezani alasiri nzima. Maneno ya chini yake alikuwa ameyafuta kwa mstari mmoja. Bwana Lamb alitazama kila kitu isipokuwa hicho.

Januari Bi Ursula aliingia amechelewa, theluji mabegani. Alisimama nyuma ya kiti kilicho karibu na Horace muda kidogo, kisha akakivuta na kukaa. Safari hii hakuleta chupa yake ya chai.

Horace ndiye aliyeuliza, bila kugeuza kichwa. "Constance alisemaje?"

"Alisoma mara mbili. Halafu akanyamaza mpaka wakati wa matunda na krimu." Bi Ursula alivua glavu moja. "Kisha akasema una mwandiko mbaya sana."

"Ni kweli."

"Ni mbaya," alisema Bi Ursula, akivua ya pili. "Lakini unasomeka."